Siku Korongo Alipokunja Mguu

Walisema hataweza. Kapita wa njia ya reli, msimamizi wa vibarua, mtu mwenye ulimi mwepesi kuliko miguu yake, alisema unaweza kumdanganya mke wako, karani, na hata mzungu wa ofisi, lakini ndege hadanganyiki, kwa sababu ndege haoni haya kukupa mgongo. Katekista wetu alisema Mungu aliwaumba ndege peke yake na hakuomba msaidizi. Mama wa Pasi, aliyefua na kunyoosha mashati ya makarani wote wa stesheni, alisema kwa upole kuliko wenzake, lakini alisema vilevile, kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambacho maji ni mayi na ndege ni ndeke:

"Huyu baba iko na mikono ya muzuri. Lakini mayi ya Kamina iko ya treni. Ndeke ya mayi itakuya huku kutafuta nini? Tiketi?"

Neno lenyewe fundi huyo alikuwa amelitoa mchana mmoja, mbele ya ateliye, karakana ya reli, watu wakila mihogo yao. "Siku moya nitafanya korongo ya muti," alisema, "na korongo ya kweli itashuka, itasimama pembeni yake." Watu wakacheka. Naye hakuwa mtu wa kupunguza neno likishatoka, akaongeza: "Na itakunja muguu."

Hapo ndipo alipojifunga. Korongo anaweza kusimama pembeni ya chochote, hata pembeni ya mbuzi, akiwa tayari kuruka. Lakini akivuta mguu mmoja, akauficha katika manyoya ya tumbo na kubaki juu ya ule mwingine, amekwisha kuamua kwamba mahali hapo ni pa amani na jirani yake ni mtu wa kwao. Fundi alitaka hilo. Hakutaka kusifiwa na sisi. Alitaka kuaminiwa na korongo.

Mimi nayajua maneno ya "hataweza". Niliambiwa hayo hayo. Baba yangu alitoka Kasai na alipaka grisi magurudumu ya mabehewa, na watu wa kambi walimwambia kwamba mwanawe naye atanuka grisi mpaka kaburini. Niliondoka Kamina nimekaa juu ya magunia ya mahindi, bila viatu, na nikarudi kutoka Elisabethville nimekaa kwenye benchi la abiria, na viatu, na koti la shule lenye vifungo vya shaba, na mfuko wa ngozi ambao ndani yake mlikuwa na diploma ya ualimu yenye jina langu. Hakuna mjomba aliyenisukuma, wala padri aliyeninong'onezea majibu. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba ninapomsifu mtu kwa kujitengeneza mwenyewe, ninajua kazi hiyo inavyouma. Kamina ile, nje ya nafsi yangu, nilimwona mmoja tu wa aina hiyo. Alikuwa huyu fundi.

Alizaliwa lini na wa ukoo gani, sijui, wala sikumuuliza. Najua kwamba alitoka upande wa Mulongo, kwenye mabwawa ya Lualaba, na kwamba alifika Kamina reli ikiwa bado changa. Kazi aliyolipwa kuifanya ilikuwa kuandika namba kwenye mabehewa. Alikuwa na brashi, kopo la nyeupe na kopo la nyeusi, na mkono ambao haukutetemeka hata injini ilipopiga honi nyuma yake. Mbili zake zilikuwa na shingo. Sijui niseme vipi vizuri zaidi: kichwa cha ile namba kiliinama mbele kidogo, shingo ikarudi nyuma, na mkia ukalala chini kama ndege aliyekaa juu ya maji. Makaa ya Luena yalipita katika mabehewa yake, na wafanyakazi wa huko walisema wanajua behewa lililopakwa Kamina kabla halijasimama, kwa sababu mbili inawaangalia.

Mji mzima ulimwita Fundi wa Ndeke. Mimi nilimwita Baba Fundi, naye aliniita Mwalimu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkatia mwenzake heshima hiyo.

Nyumba yake katika kambi ya reli ilikuwa sawa na nyumba zetu zote kwa nje. Ndani ilikuwa bwawa la mbao. Bata walilala kwenye kingo za dirisha, vichwa vimegeuzwa mgongoni. Yule ndege mwekundu mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya maji alikuwa ananyata juu ya meza ya chakula, na wageni walisogeza sahani zao taratibu wasimshtue. Rangi ya mabehewa ni nyekundu ya kahawia, na ndiyo rangi kamili ya mgongo wa ndege huyo. Fundi alisema Mungu na reli walinunua duka moja. Makopo yaliyobaki na tone chini aliruhusiwa kuyachukua na shefu wake mzungu, mkubwa wa kazi, aliyedhani anapaka viti.

Juu ya kabati alikaa ndege mwari, amegeuzwa uso ukutani. Huyo alimshinda. Mwili ulikuwa sawa, mabawa sawa, lakini mfuko ule unaoning'inia chini ya mdomo wa mwari haukukubali. Alikuwa amechonga mara nyingi, akausugua kwa kipande cha chupa mpaka mbao ikawa nyembamba kama karatasi, na bado ulikuwa mbao. "Muti haiwezi kulegea, Mwalimu," aliniambia. "Inavunjika, lakini hailegei." Akamgeuza mwari ukutani kama mtoto aliyekosa, na hakupenda aulizwe habari zake.

Alikuwa na namna yake ya kuanza. Wachongaji wengine niliowaona huanza na kichwa. Yeye alianza na tumbo, mahali ndege anapokutana na maji, au kama ni korongo, mahali uzito unaposhuka kwenye mguu. Mdomo aliufanya mwisho kabisa.

"Bantu banaanza na mudomo," alisema, "juu bantu banapenda maneno. Ndeke haianze na mudomo. Inaanza na kukaa."

Ili kuelewa kukaa kwa korongo alisimama mwenyewe kwa mguu mmoja, uani, mikono nyuma, mpaka majirani wakazoea. Kapita alipita akamwambia, "Fundi, angalia usitage." Naye akajibu bila kushusha mguu, "Nikitaga, la kwanza iko yako. Weye unakosa kichwa, utaweka pale."

Msomaji asidhani nasimulia habari za mtakatifu. Mtu aliyewapenda ndege kiasi hicho aliwala kwa furaha. Ndugu zake wa Mulongo walipomletea bata wa maji kwa treni, alimweka mezani, akamgeuzageuza, akafungua bawa, akahesabu manyoya kwa kidole, akapima shingo kwa kamba, na kazi ilipokwisha akamwita mkewe alete chungu. Nilimuuliza kama roho haimuumi. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Nilimuangalia vizuri," alisema. "Ni nani anaangaliwa vile mbele ya kuliwa?"

Na mzaliwa huyu wa mabwawa aliogopa maji. Hakujua kuogelea. Hata pale kwenye dimbwi letu la nyuma ya stesheni, ambalo mtoto angevuka bila kulowesha kaptula, alikanyaga kama mtu anayekanyaga paa bovu.

Kingine ni kwamba alikuwa mwongo. Alidanganya kuhusu umri wake, kuhusu samaki aliowahi kuvua, kuhusu mzungu aliyedai kwamba alimpa mkono. Alidanganya kwa starehe, na ukimkamata alicheka nawe. Lakini katika unyoya hakudanganya. Nilimwona akitupa motoni bata aliyekwisha kumaliza, bata mzuri ambaye mimi na diploma yangu nisingeona kosa lake, kwa sababu alikumbuka kwamba mstari mweupe wa bawa huishia mbele kidogo ya pale alipouishia yeye. Mkewe akalalamika kwamba mtoto angechezea.

"Achezee uongo?" alisema Fundi, na huyo ndiye aliyekuwa amenidanganya asubuhi hiyo hiyo kwamba amekwisha kunywa chai na gavana.

Tena alijisifu, na hilo nililipenda. Watu wengi hudhani kujisifu ni ugonjwa. Mimi naona mtu aliyefanya kitu chake kwa mikono yake ana haki ya kukitaja. Tulikaa jioni, yeye akinieleza ubora wa bata wake, mimi nikimweleza mtihani nilioushinda mbele ya wana wa machifu, na hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti.

Sasa nieleze habari ya kukopa, maana bila hiyo siku ya mwisho haieleweki.

Kwa ajili ya korongo wake mkubwa alihitaji vitu ambavyo reli haikuwa navyo kwenye makopo. Hakuomba zawadi. Zawadi, alisema, inamfunga mtu kinywa. Alikopa. Na alikopa kwa neno moja kwa wote: "Nitarudisha siku korongo atakunja muguu." Kwa hiyo kila aliyemkopesha alijua kwamba, kama maneno ya mji ni kweli, amepoteza kitu chake.

Mbao aliipata kwa katekista. Kanisani mlikuwa na benchi lililovunjika, ubao mnene wa mulombwa uliokauka kwa miaka mingi ya mahubiri. Katekista alisita, akamkumbusha amri ya kutochonga sanamu.

"Sikuombi upige magoti," Fundi alimwambia. "Nakuomba benchi."

Waya wa miguu ulitoka kwa kapita, kipande cha ule waya unaovuta mikono ya ishara za treni. Kapita alikitoa kwa dharau, mbele za watu, ili dharau hiyo iwe na mashahidi. "Beba," alisema. "Siku ile ya kurudisha, nitakuwa nimekwisha kufa, utanizika nayo."

Rangi ya korongo si kijivu tu, kuna ubuluu uliojificha ndani yake kama moshi wa kuni mbichi. Nyeusi na nyeupe za reli hazikuutoa. Fundi akaenda kwa Mama wa Pasi akamwomba ile buluu ya kufulia, vipande vile vinavyotiwa kwenye maji ya mwisho ili mashati yawe meupe. Mama alimpa akicheka, akisema sasa atafua na ndege.

Na macho yalitoka kwangu. Nilikuwa sijamaliza hata wiki tangu kurudi. Watu wote walionisalimu waliangalia mfuko wangu wa ngozi, ambao nilitembea nao kila mahali, kwa sababu miaka ile mtu mweusi aliulizwa karatasi kila kona, na kwa sababu, kwa nini nifiche, nilipenda waniulize. Fundi hakuuangalia mfuko. Alinishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akainamia vifungo viwili vya shaba vya mkono wa koti.

"Mwalimu, hii bifungo inaona."

"Inaona nini, Baba Fundi?"

"Inakuona weye, sasa hivi. Angalia ndani. Si uko pale, mudogo, na kichwa chini?"

Nikaangalia, na kweli nilikuwamo. Akaniambia kwamba jicho la korongo ni manjano, na kwamba tangu alipoanza amejaribu shanga, misumari na mbegu, na vyote ni vipofu. Nikamwambia vifungo hivi ni vya shule yangu, vina alama yake kwa nyuma, havipatikani sokoni Kamina wala Elisabethville, na kwamba sitaki vingine badala yake, hata viwe vya dhahabu. "Nataka hivi hivi," nilisema.

"Utapata hivi hivi," alisema, na akatoa kisu, akakata uzi.

Kuanzia siku ile nilifundisha na mkono mmoja wa koti ukiwa wazi. Wanafunzi waliponiuliza niliwaambia kwamba vifungo vyangu viko kazini.

Kamina haina ziwa. Lakini nyuma ya stesheni lilisimama tangi kubwa la maji ambalo injini zote zilinywa, na yaliyomwagika, mwaka baada ya mwaka, yalikusanyika pale chini yakawa dimbwi. Matete yakaota, vyura wakahamia, na wakati wa mvua korongo mmoja mmoja, akiwa njiani kwenda mabwawa ya Upemba, alishuka hapo kula. Hapo ndipo Fundi alipomsimamisha korongo wake kwa mara ya kwanza, Jumapili moja baada ya misa, mji mzima ukiwa nyuma ya ukuta wa makaa umejificha vibaya.

Alikuwa mzuri. Nimeona vitu vingi Elisabethville na nasema alikuwa mzuri. Tulingoja. Jua likapanda. Akaja korongo wa kweli kutoka upande wa msitu, akazunguka, akashusha miguu. Mama wa Pasi akanishika bega. Halafu yule ndege, akiwa juu kidogo tu ya matete, akageuka ghafla kama mtu aliyerushiwa mchanga, akapiga mabawa na kwenda zake.

"Njo ile," alisema kapita. "Ameona benchi ya kanisa, ameogopa sadaka."

Watu walicheka njia nzima kurudi nyumbani, na kicheko hicho kilidumu. Alijaribu tena msimu ule, na tena uliofuata. Korongo walikuja, wakashusha miguu, wakageuka. Fundi aliacha kujisifu. Nilijua hali ni mbaya siku nilipomweleza habari ya mtihani wangu naye akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kuna kintu inabachoma," aliniambia. "Si umbo. Kama ni umbo, hawashuke kabisa. Iko kintu inabachoma pale mwisho, na minyi sikioni." Kisha akasema neno alilolirudia mara nyingi miaka ile: "Kintu ya kukopa hailale, Mwalimu. Weye unalala, yenyewe inakaa macho wazi nyumbani mwako." Nikamwambia kwa upande wangu avihesabu vile vifungo kama vimesamehewa. Alikasirika. Hakuniaga alipotoka.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa wanajenga Base, ule uwanja mkubwa wa jeshi nje ya mji. Siku moja lori la askari likasimama stesheni. Mjumbe akateremka akauliza kwa Kiswahili safi kabisa cha kwetu: "Fundi ya ndeke iko wapi? Banamutafuta ku Base. Mbio."

Hakuna aliyedanganya wala kufanya mzaha. Kila aliyeulizwa alinyoosha kidole upande ule ule. Fundi wa ndeke Kamina alikuwa mmoja. Kapita mwenyewe ndiye aliyempeleka mjumbe mpaka mlangoni, na Fundi, ambaye hakuona ajabu yoyote kwamba jeshi limesikia habari zake, aliomba dakika ya kuvaa kofia, akachagua bata wake bora, akamfunga katika shati na kupanda lori.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, na kwa kuwa hayakumsifu sana, nayaamini. Walimweka mbele ya ndege ya chuma, wakampa spana. Sajini mmoja wa Kibelgiji akamwuliza, kwa mdomo wa mkalimani, tatizo liko wapi.

Fundi akaizunguka ile ndege polepole, akaangalia tumbo, akaangalia miguu. "Tatizo iko hapa," alisema. "Haina magoti."

Mkalimani hakujua atafsiri nini. Ikabidi shati lifunguliwe, bata akatoka, na wakacheka wote, sajini kuliko wote, mpaka akakaa juu ya gurudumu. Lakini alimshika yule bata muda mrefu kabla ya kumrudisha. Akauliza kama mtu huyu anaweza kuandika herufi na namba. Wakampa brashi. Kabla ya jioni ndege za Base zilikuwa na mbili zenye shingo, na Fundi wa Ndeke alikuwa fundi wa ndege kweli.

Siku chache baadaye walimpa kazi ya kupaka pua ya ndege, ile sehemu iliyo mbele ya kioo cha rubani. Walimpa nyeusi tofauti. Aliipaka, akangoja ikauke ing'ae, haikung'aa. Akaipaka tena. Ikakaa imelala, kama masizi ya chungu. Akaenda kwa mkalimani kulalamika kwamba rangi imeharibika.

"Haikuharibika," mkalimani alimwambia. "Njo vile inatakiwa. Iking'aa, jua inamuchoma muzungu ku macho wakati anashuka."

"Nilikaa chini, Mwalimu," Fundi aliniambia. "Pale pale, chini ya bawa. Wakati anashuka. Umesikia? Wakati anashuka."

Rangi ya reli inang'aa. Imetengenezwa ing'ae, mvua iteleze. Kila korongo aliyeshuka kwenye dimbwi letu alikutana na jua limelala juu ya mgongo wa jirani yake, na hakuna unyoya duniani unaofanya hivyo. Alimwachia sajini yule bata, akarudi Kamina na kikopo kidogo cha nyeusi iliyolala.

Alimvua korongo wake nguo zote. Alimsugua kwa msasa mpaka benchi la katekista likaonekana tena, akaanza upya: ile nyeusi, chokaa, majivu yaliyochujwa kwa kitambaa, na buluu ya Mama wa Pasi. Nilimwona alipomaliza. Hakuwa mzuri tena kama zamani. Alikuwa amefifia, mkavu, kama kitu ambacho jicho linapita bila kusimama. Nilimwambia hivyo. Akafurahi sana. Kitu kimoja tu kiling'aa katika mwili wake wote, nacho kilikuwa vifungo vyangu.

Safari hii hakuita mji. Alituita sisi wanne tuliomkopesha. Tulikaa nyuma ya ukuta wa makaa asubuhi yenye mawingu mepesi, kapita akilalamikia unyevu. Fundi alikuwa amerudi kutoka majini, suruali imekunjwa, meno yakigongana kwa woga wake wa maji zaidi ya baridi. Korongo wa mbao alisimama katika matete akiwaza mambo yake.

Jua likatoka. Akaja mmoja. Akazunguka dimbwi, akashusha miguu, na mimi nikafumba macho, nikiri hilo, kwa sababu sikutaka kuona anageuka. Nilipofumbua alikuwa amesimama ndani ya maji, shingo ndefu, amekakamaa, akimtazama mwenzake. Mwenzake alimtazama kwa vifungo vya shule yangu.

Yule ndege alipiga hatua moja. Akakung'uta manyoya yote, yakasimama, yakalala. Akarudisha shingo katikati ya mabega. Halafu taratibu, kama mzee anayevua kiatu baada ya safari, akavuta mguu wa kulia juu, akaukunja na kuuingiza tumboni.

Nilimtazama Fundi. Alikuwa amesimama nyuma yetu kwa mguu mmoja. Sidhani alijua.

Kapita alivua kofia yake. Akaishika mkononi mpaka injini ya Luena ilipopiga honi na ndege akaruka, mmoja kati ya wawili.

Nilidhani Fundi angekwenda sokoni kujisifu. Alikwenda nyumbani, akafungua sanduku. Kumbe kila kitu cha kurudisha kilikuwa tayari humo na uani, tangu kabla ya Jumapili ile ya kwanza. Siku hiyo hiyo alizunguka mji. Katekista alipata benchi jipya la mulombwa lililosimama sawa kuliko mabenchi yote ya kanisa, akaliweka mbele. Mama wa Pasi alipata buluu, ile ile ya duka lile lile, akamwambia, "Baba, minyi nilikwisha kuisahau." Akajibu, "Minyi nilikuwa naikumbuka kwa sisi wawili." Kapita alipata waya uliozungushwa vizuri, na Fundi hakuondoka mlangoni mpaka kapita alipoupima kwa mkono na kusema umetimia.

Kwangu alifika mwisho, jua likielekea kushuka. Alikuwa amembeba korongo mgongoni kwa kitambaa, kama mama anavyombeba mtoto, miguu ya waya ikining'inia. Akamsimamisha katikati ya sebule.

"Bifungo yako njo hii."

Nikaona anachotaka kufanya. "Baba Fundi, huyu ni kazi ya miaka yako. Toa vifungo, ubaki na ndege. Au baki na vyote."

"Nikitoa, nitamupofusha. Nikibaki nabyo, niko na deni. Weye ulisema unataka hivi hivi. Hivi hivi iko na kichwa, na kichwa iko na shingo, na shingo iko na mwili." Akapangusa vumbi la makaa mgongoni mwa korongo. "Benchi nimerudisha, waya nimerudisha, buluu nimerudisha. Yote iliyobaki hapa iko yangu, na minyi naiacha kwako ili bifungo ipate pa kukaa. Deni imekwisha."

"Imekwisha," nilisema.

Akanyoosha mgongo. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kitu chochote cha mtu juu yake. Alikuwa kama mrefu zaidi. Alikwenda mpaka mlangoni, akasimama pale, akageuka, na macho yake yakapita juu ya korongo, juu ya koti langu, yakatua kwenye msumari ambao mfuko wangu wa ngozi ulikuwa umetundikwa. Ngozi ilikuwa imechakaa kwa miaka ya kubebwa. Upande wa chini ilikuwa imelegea, ikaning'inia.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, "ile mwari yangu, unaikumbuka?"

Niliinuka. Nikauteremsha mfuko, nikatoa diploma ndani yake, nikaiweka juu ya meza, nikampa mfuko.